Mguu wa Dereva, Mfuko wa Mwenye Trekta

Chini ya trekta la Massey Ferguson 135, pale injini inapoungana na gia boksi, pana tundu dogo linaloelekea ardhini, na ndani ya tundu hilo inaning'inia spliti pini. Haifungi kitu. Imewekwa ilegee makusudi, ili trekta likitikisika nayo icheze, tope na vumbi visipate nafasi ya kuziba tundu. Fundi mzoefu akiitwa kuangalia klachi inayosumbua, huanzia hapo kabla hajaomba spana hata moja. Hutandika gunia, hujilaza chali, huipapasa ile pini, kisha hutazama kilichobaki kidoleni.

Kidole kikitoka na vumbi tupu, ni nafuu: kinachoumwa huenda ni marekebisho ya pedali tu, au laining iliyokwisha kwa umri wake. Kikitoka na mafuta meusi ya injini, sili ya nyuma ya krenkshafti imechoka na injini inailowesha klachi kwa mafuta yake yenyewe. Mafuta yakiwa ya kahawia, yametoka upande wa pili, kwenye shafti inayoingia gia boksi; na yakiwa meupeupe, maji yameshaingia humo. Kwenye majaruba ya mpunga ya Usangu, mkoani Mbeya, ambako trekta hushinda limezama nusu gurudumu, hilo la mwisho si ajabu. Kwa dalili hiyo moja fundi tayari anajua kama ataifungua klachi peke yake, au ataifungua pamoja na kasoro nyingine ambayo mwenye trekta hajaitengea fedha.

Klachi yenyewe, ikitazamwa mezani, haina maajabu. Kuna flaiwili inayozunguka na injini. Kuna pleti yenye laining pande zote mbili, iliyovaa meno ya shafti ya gia boksi. Nyuma yake kuna presha pleti, chuma kizito kinachosukumwa na springi ili kuibana ile pleti isiponyoke. Dereva akikanyaga pedali, uma husogeza rilizi beringi, beringi husukuma vidole vya presha pleti, mbano unaachia, na injini inazunguka bila kuvuta kitu. Akiachia, mbano unarudi. Katikati ya kukanyagwa na kubanwa kuna muda mfupi ambapo vitu viwili vyenye kasi tofauti vinasuguana hadi vikubaliane kasi. Uhai wote wa klachi huliwa katika muda huo.

Waliobuni mtambo huu walijua kwamba lazima kitu kilike. Trekta lililosimama haliwezi kupokea nguvu ya injini kwa ghafla bila kitu kuvunjika, basi wakaamua kiliwe kile chembamba, cha bei nafuu, kinachobadilishika, ili meno ya gia yapone. Nyenzo ya kuliwa ilitafutwa kwa miaka mingi. Mwaka 1897, huko Derbyshire nchini Uingereza, Herbert Frood aliyaona magari ya farasi yakishuka milima huku madereva wakizuia magurudumu kwa vipande vya mbao na soli za viatu vikuukuu. Akaanza kutengeneza nyenzo ya msuguano iliyokusudiwa kazi hiyo, na kampuni aliyoanzisha, Ferodo, ilikuja kuuza laining za breki na klachi duniani kote. Baadaye nyenzo iliyotawala ikawa asbesto, kwa kuwa inavumilia joto, na kwa miongo mingi laining za magari na matrekta zilitengenezwa nayo. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999 na Umoja wa Ulaya mzima mwaka 2005, baada ya kuthibitika kwamba nyuzi zake zikivutwa huleta saratani ya mapafu na ya utando unaoyazunguka. Trekta la miaka ya 1960 likifunguliwa leo kwa mara ya kwanza, au lililofungwa spea isiyojulikana ilikotoka, vumbi lililomo ndani ya nyumba ya klachi si la kupulizwa kwa kompresa wala kwa mdomo. Hufutwa kwa kitambaa kilicholowa. Hata hivyo, gereji nyingi bado hupuliza.

Massey Ferguson 135 lilitoka Coventry, katika kiwanda cha Banner Lane, kuanzia mwaka 1964 hadi 1975. Kiwanda hicho hicho ndicho kilichotoa Ferguson TE20, lile trekta dogo la kijivu, kuanzia mwaka 1946, na hadi kilipoacha uzalishaji mwishoni mwa 2002 kilikuwa kimetoa matrekta zaidi ya milioni 3. TE20 lilikuwa na klachi ya pleti moja. Dereva alipokanyaga pedali, trekta lilisimama na PTO nayo ikasimama, yaani ile shafti ya nyuma inayoendesha mashine. Kwa plau hilo halikuwa tatizo. Kwa mashine ya kukata nyasi au ya kufunga marobota lilikuwa kero, kwa sababu mashine inaposakamwa na majani, dereva hutaka trekta lisimame huku mashine ikiendelea kuzunguka hadi ijisafishe.

Jibu lilikuja na Ferguson 35, lililotoka Banner Lane mwaka 1956 na kuweza kufungwa klachi ya hatua mbili: pleti kubwa ya kuendesha magurudumu, pleti ndogo ya PTO, na shafti mbili, moja ikipita ndani ya nyingine. Pedali ikifika katikati, trekta linasimama. Ikifika chini kabisa, PTO nayo inasimama. Mpangilio huu ukaendelea kwenye 135, kwenye 165, kwenye 240 na kwenye ndugu zake waliozaliwa baadaye Lahore, katika kiwanda cha Millat cha Pakistan. Ndio ulioko Mbarali, Kilombero, Babati na Narok hadi leo. Ulikuwa ufumbuzi mzuri, lakini uliukabidhi mguu wa dereva kazi mbili badala ya moja, na mguu usiofundishwa huijua moja tu: kukanyaga hadi mwisho. Rotaveta inayozungushwa na PTO ikiwa ndani ya tope zito, kila anayekanyaga hadi mwisho bila sababu huisimamisha na kuiwasha upya kwa kuisugua pleti ndogo. Ndiyo maana hutokea trekta likavuta plau vizuri bila kulalamika, lakini likifungwa rotaveta mashine inakaa kimya huku injini inanguruma. Mwenye trekta hudai rotaveta ni mbovu. Kumbe kilichokufa ni nusu ya klachi.

Magonjwa ya klachi ni machache, na kila moja lina lugha yake.

La kwanza ni kuteleza. Injini inapanda sauti, trekta haliongezi mwendo. Mwanzoni huonekana kwenye mzigo mzito tu, diski zinapogusa udongo mgumu, na dereva hulichukulia kama uchovu wa injini. Fundi hupima kwa njia fupi: hufunga breki zote mbili, hutia gia kubwa, huongeza mafuta kidogo, kisha huachia pedali taratibu. Injini ikizimika, klachi inabana. Ikiendelea kuunguruma trekta likiwa palepale, haibani. Hurudii kipimo hicho mara tatu nne ili kumwonyesha bosi, kwa sababu kila mara unaipunguzia klachi siku zake.

La pili ni kinyume chake, klachi isiyoachia. Dereva amekanyaga hadi chini, amesubiri, na gia bado zinalia anapotaka kurudi nyuma. Hapa wanaodhani laining imekwisha hukosea mara nyingi. Huenda pedali ina nafasi kubwa mno kabla ya kuanza kazi. Huenda pleti imepinda kwa joto, au imenata kwenye meno ya shafti kwa kutu. Huenda ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, inayoshika ncha ya shafti, imekauka na sasa inaizungusha shafti hata klachi ikiwa imeachia. Na kama trekta lilikaa nje masika nzima bila kuguswa, pleti yenyewe inaweza kuwa imeganda kwenye flaiwili. Ndiyo maana wanaojali, wanapolipumzisha trekta msimu mzima, huibana pedali chini kwa kipande cha mbao, pleti ikae huru.

La tatu ni kutetemeka wakati wa kuondoka, trekta linaporukaruka badala ya kwenda mbele taratibu. Chanzo huwa mafuta kwenye laining, springi za katikati ya pleti zilizovunjika, au vidole vya presha pleti visivyokaa kimo kimoja. Kwenye klachi hizi vidole ni vitatu. Kimoja kikitangulia, pleti hubanwa upande mmoja kabla ya mwingine. La nne ni kelele. Beringi inayolia pedali ikiguswa, ikanyamaza ikiachiwa, imejitambulisha yenyewe.

Kabla ya yote hayo lipo jambo dogo linalopimwa kwa rula. Pedali ya klachi inatakiwa iwe na mchezo, yaani ishuke kidogo bila kugusa kitu kabla ya kuanza kazi. Kwa matrekta mengi ni milimita 20 hadi 30 kwenye kikanyagio. Kitabu cha trekta lenyewe ndicho kinachoamua. Wengi hudhani klachi ikilika pedali italegea, kama kitu kingine chochote kilichochakaa. Inakuwa kinyume. Laining ikipungua unene, presha pleti husogea mbele kuifuata, na ncha za vidole vyake hurudi nyuma kuikaribia beringi. Mchezo wa pedali hupungua siku hadi siku, hadi unakwisha. Siku hiyo beringi inakaa imeegemea vidole saa zote za kazi, springi hazibani tena kwa nguvu yote, na klachi inaanza kuteleza hata kama laining bado ipo. Kurekebisha ni kazi ya dakika chache na spana mbili. Kutorekebisha kunafanya klachi nzuri ife kifo cha klachi mbovu.

Kuteleza ni joto, na joto hilo linahesabika. Trekta la nguvu farasi 50 hutoa takriban kilowati 37. Klachi ikipoteza robo tu ya nguvu hiyo, zaidi ya kilowati 9 zinamalizikia kwenye uso wa pleti yenye kipenyo cha kama sentimita 30, ndani ya nyumba ya chuma iliyofungwa. Ni sawa na kuwasha pasi tisa za umeme ndani ya sufuria na kuweka kifuniko. Flaiwili iliyopitia hayo hutoka na mabaka ya buluu na nyufa nyembamba kama unywele, na laining hung'aa, ikapoteza ukali wake. Laining ikifika kwenye riveti, vichwa vya riveti hulima mifereji kwenye flaiwili. Hapo gharama haihusu tena pleti peke yake.

Nani basi hulisababisha joto hilo? Jibu la haraka la kila mwenye trekta ni dereva, na halina uongo. Kuna mguu unaopumzika juu ya pedali tangu asubuhi. Kuna kuondoka na gia ya tatu huku plau iko ardhini. Kuna trekta lililokwama kwenye tope, ambalo dereva mwenye subira angeinua plau na kulitoa, lakini wa pupa huliongezea mafuta na kuichezea klachi nusunusu hadi moshi wa laining usikike puani.

Lakini subira nayo ina bei, na mara nyingi dereva ndiye anayeilipa. Trekta la kukodisha hulima kwa ekari. Mvua ikianza, wakulima wote wanalitaka wiki ileile, na dereva hulipwa kwa ekari alizomaliza au kwa siku, kukiwa na tandiboi anayejifunza usiku wakati mwenzake amelala. Mwenye trekta yuko mjini, dukani au ofisini, anapigiwa simu jioni kuulizwa fedha za dizeli. Dakika za kushuka kupima mchezo wa pedali zinatoka kwenye ekari za dereva. Faida ya dakika hizo inaingia mfukoni mwa bosi miezi sita baadaye, kwa njia ya bili ambayo haikuja. Klachi hukanyagwa na asiyeilipia, hulipiwa na asiyeikanyaga.

Na mabosi wana dhambi zao. Trekta la kuvuta diski tatu hufungwa plau ya diski nne kwa kuwa ekari zitaongezeka. Fundi akisema sili inavuja, huambiwa asubiri msimu uishe. Akisema abadilishe pleti pamoja na rilizi beringi, huambiwa abadilishe pleti tu, beringi bado inazunguka. Wengine hutaka mafuta yaliyoingia kwenye laining yaoshwe kwa petroli inayomiminwa kupitia kifuniko cha ukaguzi. Klachi hubana kwa siku chache, kisha inarudia ileile, maana sili haijaguswa. Na petroli ndani ya nyumba iliyo moto inaweza kuwaka na kuliunguza trekta lote.

Tanzania ilishauona mwachano huo wa mlipaji na mkanyagaji kwa kiwango kikubwa, enzi ikiitwa Tanganyika. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika, makao yakiwa Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa kufyeka na kulima zaidi ya ekari milioni 3. Matrekta yalikusanywa kutoka masalia ya vita, mengine vifaru vya Sherman vilivyobadilishwa kuwa mashine za kufyeka msitu. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ulikauka ukawa mgumu, spea zilichelewa, na madereva walipewa mashine baada ya mafunzo mafupi. Matrekta yalirundikana kwenye karakana kuliko mashambani. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kula takriban pauni milioni 36. Vitabu vingi vimeeleza hesabu mbovu za mvua na ardhi. Karakana ya Kongwa ilikuwa na somo lake pia: walionunua mashine walikaa London, waliozikanyaga walikuwa vibarua wa mshahara mdogo, na kati yao hapakuwa na mtu aliyefaidika mashine ikidumu.

Ikishafikia kufunguliwa, klachi ya trekta haitoki kwa kulala chini kama ya gari dogo. Injini ni sehemu ya fremu. Ukitaka kufika kwenye klachi lazima ulitenganishe trekta katikati. Kazi huanza kwenye sakafu iliyo sawa, saruji ikiwezekana. Betri huondolewa, boneti, mabomba ya dizeli, nyaya, fimbo za usukani. Kisha huja hatua ambayo fundi asiye na haraka haipiti: kabari mbili za mbao ngumu hupigwa kati ya ekseli ya mbele na kishikilio chake, kushoto na kulia. Ekseli ya mbele ya trekta huchezea kwenye pini moja katikati. Bila kabari, injini ikishaachana na gia boksi hupinduka ubavu, na anayesimama karibu hana pa kukimbilia. Jeki moja yenye magurudumu hukaa chini ya injini, stendi imara chini ya gia boksi, boliti hufunguliwa, na nusu moja husukumwa mbele taratibu.

Sasa pleti inaonekana, na inasomeka. Laining iliyolika sawasawa pande zote ni umri. Iliyolika upande mmoja ni shafti au flaiwili isiyonyooka. Iliyong'aa na kunuka kuungua ni mguu uliopumzika juu ya pedali. Iliyolowa ni sili. Ikiwa pleti kubwa bado nene na ndogo imebaki riveti, rotaveta imefanyishwa kazi na mtu asiyejua katikati ya pedali ilipo. Fundi mwenye hekima humwita mwenye trekta na dereva pamoja, akawawekea pleti mbele yao kabla hajataja bei.

Wakati wa kufunga, haraka ndiyo inayoharibu. Flaiwili yenye mifereji hupelekwa kuchongwa. Ile yenye ngazi pembeni huchongwa uso na ngazi kwa kiasi kilekile, la sivyo mbano wa presha pleti hubadilika. Sili zote mbili hubadilishwa hata kama ni moja inayovuja, kwa sababu bei yake ni ndogo kuliko ya kulitenganisha trekta tena. Beringi ndogo ya katikati na rilizi beringi hubadilishwa pia. Pleti hulengwa kwa shafti ya mfano, au kwa shafti kuukuu iliyotunzwa kwa kazi hiyo, kwa sababu pleti mbili zisipokuwa kwenye mstari mmoja, nusu mbili za trekta hazitaungana, na anayezilazimisha kwa boliti hupasua nyumba ya klachi. Vidole vitatu hupimwa kimo kimoja kwa geji, na mwisho pedali hurudishiwa mchezo wake.

Laining mpya hukaa vizuri baada ya kazi ya kwanza, na wakati huo mchezo wa pedali hubadilika tena. Kwa hiyo trekta linatakiwa lirudi gereji baada ya takriban saa 50 likapimwe upya. Kwa matrekta mengi ya kukodisha hapo ndipo pa kukwama, maana saa ya kurudi gereji ni ekari moja isiyolimwa, na ekari hiyo ni ya dereva. Dawa yake iko kwenye daftari la malipo: mwenye trekta amlipe dereva saa ya matengenezo kama anavyomlipa ekari, aiandike kwenye safu yake kila wiki, na fundi atie sahihi mbele ya kipimo cha milimita alichokikuta.